Mahubiri Hayakatwi

Pasta Michée alikuwa amehubiri kwa muda wa saa mbili na nusu Georgette alipomwona binti yake akiuma ukingo wa kitenge. Fidélie alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu utotoni alikuwa amejifunza kutolia mbele za watu. Maumivu yakimshika aliuma kitu chochote kilicho karibu: kola ya blauzi, kanga ya mama yake, hata kidole chake mwenyewe. Damu yake ni ile ambayo hospitalini wanaiita SS, damu inayokwama ndani ya mishipa, na hakuna vitu vinavyoichochea kama joto na kiu. Siku hiyo vyote viwili vilikuwapo. Ilikuwa mwezi wa kumi, Likasi nzima ilikuwa ikingoja mvua, na chini ya mabati ya kanisa walikuwa wamebanana watu mia tatu.

Georgette akamwinamia, akamuuliza panauma wapi.

“Mugongo,” Fidélie akanong'ona. “Na miguu yote mbili.”

Chupa ya maji waliyokuja nayo ilikuwa imekwisha tangu wimbo wa mwisho wa kwaya. Georgette akaigeuza mdomoni mwa mtoto hata hivyo, likatoka tone moja. Halafu akatazama nyuma, mlangoni, alikosimama mume wake.

Adolphe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma siku sita za juma, na siku ya saba alikuwa mkuu wa protokoli, yaani wasimamizi wa mlango na utaratibu kanisani. Alivaa suti nyeusi na beji kifuani, na ufunguo wa mlango ulikaa katika mfuko wa kulia wa koti lake. Sheria ya kanisa ilikuwa fupi: Pasta akifungua Biblia, mlango unafungwa, Pasta akiifunga, mlango unafunguliwa. Mahubiri hayakatwi. Katika mwaka mzima tangu apewe ufunguo ule, Adolphe hakuwa ameivunja hata mara moja, na jambo hilo lilimpa heshima ambayo karakana haikumpa kamwe.

Mtu mwingine angesema Georgette aliivumilia sheria hiyo. Si kweli, aliipenda. Kabla ya kanisa hili, Adolphe alikunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, tangu Ijumaa mpaka Jumapili na akirudi alimpiga, na majirani walikuwa wamezoea kuongeza sauti ya redio. Kisha akaokoka. Saa nne za Jumapili, saa mbili za Jumatano, saa mbili za Ijumaa: hizo zote zilikuwa saa ambazo mkono wake ulishika Biblia. Miaka mitatu ikapita bila kofi. Wanakwaya waliponung'unika kwamba Pasta ana maneno mengi, Georgette alinyamaza. Kwake yeye, Pasta angehubiri mpaka kesho. Baba yake, mzee Floribert wa Kambove, Mkatoliki wa tangu zamani, alimcheka kila alipomtembelea. Alisema padri wao anasema dakika kumi na kukaa, kwa kuwa mahubiri ni chumvi na ibada ndiyo chakula, na hajawahi kumwona mtu anayekula sahani ya chumvi. Georgette alimjibu kwamba miaka yote ya dakika kumi haikumzuia Adolphe kuvunja mbavu za mtu.

Lakini Jumapili hii Pasta Michée hakuwa anahubiri tu. Alikuwa anajibu. Katikati ya juma wazee watatu walikuwa wamemwendea kumwomba, kwa adabu zote, apunguze mahubiri yawe ya saa moja, kwa sababu ya joto na watoto. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku hiyo. Hakuwa mtu mwovu. Aliamini kwamba mtu hubadilika polepole kama chuma motoni, na kwamba ukikitoa mapema unakuwa umekipasha bure. Basi alichagua habari ya yule kijana aliyeketi dirishani wakati mtume akihubiri, akasinzia, akaanguka, akafa.

“Je, mtume alifupisha?” aliuliza kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili safi cha mimbarini. “Alishuka, akamwinua kijana, kisha akapanda tena akaendelea kusema mpaka alfajiri. Na ninyi mnaniomba saa moja.”

Fidélie akaachia kitenge na kutoa sauti ndogo. Georgette alimshika kwapani, akamsimamisha.

Njia ya katikati ilikuwa ndefu siku hiyo. Mtoto alikanyaga kama anayetembea juu ya makaa, na kwenye kila benchi macho yaliwafuata, mengine kwa huruma, mengine kwa kero. Kwenye benchi la mwisho alikuwa ameketi Dodo, mdogo wake Georgette, mchimbaji wa Kambove aliyekuja kuwatembelea na kuburutwa kanisani kwa kubembelezwa. Alipoona uso wa mpwa wake, akainuka nusu.

Adolphe aliweka kiganja mbele yao kabla hawajafika.

“Mama Fidélie, rudi mu kiti.”

“Mutoto eko na krizi. Fungula.”

“Pasta eko karibu kumaliza.”

“Alisema vile tangu saa ingine. Fungula, Adolphe. Mutoto anaenda kuanguka.”

Adolphe alimtazama binti yake. Alimpenda, usiku mwingi alikuwa amembeba mgongoni mpaka hospitali. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni na kuugusa ufunguo wakati sauti mimbarini ilipokatika na kanisa lote likawa kimya.

“Ndugu Adolphe,” Pasta akasema. “Kuna nini mlangoni?”

Vichwa mia tatu vikageuka. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumuuliza Adolphe swali mbele ya watu wengi namna hiyo. Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

“Hakuna kitu, Pasta.”

“Basi mlango ubaki ulivyo. Kila Neno linapofika mahali pake, adui hutafuta mtu wa kusimama.”

Baadhi wakaitikia amina. Georgette hakungoja waishe. Alimwegemeza mtoto ukutani, akatia mkono wake ndani ya koti la mumewe kutafuta ufunguo. Na Adolphe akampiga.

Hakumpiga kofi. Ilikuwa ngumi, iliyofungwa barabara, na ilijua inakokwenda, maana ilikuwa imepita njia hiyo mara nyingi zamani. Kichwa cha Georgette kiligonga fremu ya chuma ya mlango, na watu wa mabenchi ya nyuma walisikia mlio wake. Mdomo ukapasuka. Jino likadondoka juu ya saruji, dogo na jeupe. Adolphe alisimama akiutazama mkono wake. Kinywa chake hakikuwa na harufu ya pombe wala kichwa chake hakikuwa na ukungu; alikuwa mzima kabisa, amekunywa chai tu asubuhi.

Fidélie akateleza ukutani mpaka chini.

Dodo akamaliza kuinuka. Aliinua benchi fupi alilokuwa amekalia, lile la mbao za mninga, akalishusha juu ya shemeji yake kwa nguvu aliyozoea kupasulia mwamba. Adolphe aliinua mkono wa kulia kujikinga, na mfupa ukavunjika kati ya kiwiko na kiganja. Pigo la pili lilimkuta begani, likamwangusha. Vijana wa protokoli wakamrukia Dodo, wanne, kisha sita. Mtu wa kwaya aliyetaka kuwaamua alipigwa kiwiko cha pua, naye akarudisha. Baada ya hapo hakuna aliyejua anampiga nani. Mabenchi yalipinduka, mama mmoja akakanyagwa mguu, watoto wakapitishwa juu ya vichwa kuelekea ukutani, na wale waliochoka kwa miezi mingi wakapata mahali pa kuumwagia uchovu wao.

Pasta Michée aliendelea kuhubiri. Alisema wasitoke, alisema Neno halijaisha, alisema wamtazame yeye. Aliamini kwa moyo wote kwamba akinyamaza tu, shetani atakuwa ameshinda. Alisema hivyo muda mrefu kabla hajatambua kwamba spika ilikuwa imeangushwa, waya umekatika, na kipaza sauti kilikuwa kimekufa mkononi mwake.

Georgette alifika kwa mumewe akitambaa. Damu ilimtiririka kidevuni ikalowesha shati jeupe la Adolphe. Akatia mkono katika mfuko wa kulia, akatoa ufunguo. Adolphe hakumzuia. Alimtazama tu.

Mlango ulipofunguka, Josée wa kwaya alimsaidia kumbeba mtoto mpaka barabarani. Wakamkalisha Fidélie kwenye pikipiki, kati ya dereva na mama yake. Nyuma yao Dodo alikuwa chini, na viatu vya Jumapili vilikuwa vinampiga mbavuni na usoni, mpaka polisi walipofika.

*

Hospitalini walimwekea Fidélie hewa na maji, na jioni wakamwongezea damu. Daktari alisema wamefika wakati bado kuna la kufanya.

Muuguzi aliyemshona mdomo aliitwa Bibiane, mwanamke mnene asiyependa kupoteza muda. Alimwuliza amejigonga wapi. Kwa miaka mingi, kwenye kitanda kama hicho, Georgette alikuwa amejibu: ngazi, kisima, giza. Safari hii alisema ni mume wake. Bibiane akauliza kama mume alikuwa amelewa.

“Hapana,” Georgette akasema kwa mdomo uliokufa ganzi. “Alikuwa mu kanisa.”

Bibiane aliacha sindano kidogo, kisha akaendelea kushona.

Jumatatu asubuhi Pasta Michée alikuja na wazee wawili. Alikuwa amevaa kama kawaida, tai na yote, lakini macho yalikuwa mekundu. Aliomba kwanza, akiwa ameweka mkono juu ya kichwa cha Fidélie, na maombi yake siku hiyo yalikuwa mafupi. Halafu akamwita Georgette kwenye korido, mahali wagonjwa wengine walipokuwa wamekaa sakafuni wakisubiri, nao wakasikiliza bila aibu.

Alisema kanisa limejeruhiwa. Watu kumi na mmoja walikuwa na majeraha, na mama aliyekanyagwa amevunjika kidole. Ili mambo yatulie, ilifaa Georgette asimame mbele ya kanisa Jumapili ijayo, aombe radhi kwa madhabahu kwa kulikata Neno. Adolphe angeomba radhi naye, kwa ukali wake. Na kuhusu yule kaka mchimbaji, aliyepiga watu nyumbani mwa Mungu, yuko mahabusu, na polisi wafanye kazi yao.

“Mama, sikukujia kwa ugomvi,” alisema. “Kama ningefunga Biblia kila mtu anaposimama, nisingemaliza hata mstari mmoja. Unajua Adolphe alikuwa nani. Unajua ni kitu gani kilimtoa kule.”

Georgette alikuwa na maneno machache ya kutumia, maana nyuzi zilimvuta kila alipofungua mdomo.

“Pasta,” akasema, “minye nilikuwa nashukuru Mungu kwa ule urefu wa mahubiri yako. Miaka tatu. Bengine banalalamika, minye nashukuru. Nilisema yanamubadilisha.” Akapumzika, akajifuta damu. “Hayakumubadilisha. Yalikuwa yanamukalisha tu.”

Mmoja wa wazee akakohoa. Pasta akaanza kueleza kwamba wokovu ni safari, kwamba mtu huanguka na kuinuka. Georgette akamngoja amalize, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Halafu akamwambia kwamba yeye hatasimama mbele ya mtu yeyote kuomba radhi kwa kumtoa mtoto wake kwenye joto, akarudi chumbani. Mama mmoja aliyekaa sakafuni akavuta miguu ili Pasta apite.

*

Jumanne saa nne asubuhi, Adolphe aliitwa polisi kutia sahihi. Mkono wake ulikuwa umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Pasta Michée alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya afisa. Karatasi ilikuwa tayari. Ilisema kwamba Dodo, mchimbaji, akiwa amelewa, aliingia kanisani, akamshambulia mkuu wa protokoli na kuzusha vurugu. Haikumtaja Georgette. Haikumtaja Fidélie.

Dodo mwenyewe alikuwa nyuma ya nondo, hatua tano kutoka pale, jicho moja limefumba kabisa. Hakumtazama shemeji yake.

Afisa akampa Adolphe kalamu, akamwambia atie alama kwa mkono wa kushoto kama hawezi kuandika. Adolphe akaisoma karatasi mpaka chini. Akairudia. Akaiweka mezani na kalamu juu yake.

“Siwezi,” akasema. “Ule muntu hakulewa. Hakuanza.”

“Nani alianza?”

“Minye.”

Pasta akamshika bega zima, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba huu si wakati wa kuungama, kuungama kuna mahali pake. Afisa, aliyekuwa na njaa na kesi nyingine mbili za kumaliza, akavuta karatasi mpya. Akamwambia Adolphe aseme basi, lakini kwa kifupi.

Adolphe akaanza na Jumapili. Akaeleza ufunguo, akaeleza ngumi, akaeleza jino. Afisa alipofikiri amemaliza, Adolphe akarudi nyuma. Akasema juu ya siku Fidélie alipopata kipaimara, alipompiga Georgette kwa mkanda nyuma ya nyumba huku wageni wakila mbele. Akasema juu ya mbavu. Akasema juu ya mimba iliyoharibika kabla ya Fidélie, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analijua, wala kaka yake mwenyewe Georgette, na nyuma ya nondo Dodo akainua kichwa. Afisa akamwambia hayo hayahusu kesi ya kanisani.

“Yanahusu,” Adolphe akasema. “Ni ule mukono mumoja.”

Akaendelea. Hakulia, wala hakupamba neno. Alitaja mwezi na mahali, kitu alichoshika, na jinsi alivyomwambia muuguzi uongo. Aliposahau tarehe, alinyamaza mpaka aikumbuke. Afisa aliacha kuandika, kisha akaanza tena, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Pasta Michée hakuinuka. Mwanzoni alikuwa akitikisa kichwa, akitafuta mahali pa kuingilia. Baadaye aliinama, viwiko juu ya magoti, akasikiliza kama watu wake walivyomsikiliza yeye, bila kujua mwisho uko wapi. Katika miaka mitatu alikuwa amemwambia Adolphe maneno mengi kuliko baba yake mzazi alivyomwambia maisha yote. Hakuwa amemwuliza hata siku moja alichofanya.

Georgette alikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, na bakuli la bukari, yaani ugali, na samaki alilomletea kaka yake. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Alisikia kila kitu. Bukari ikapoa mapajani mwake.

Ilipofika adhuhuri Dodo akatolewa. Afisa alimwambia Adolphe kwamba faili sasa ni lake yeye, ataitwa, na asitoke mjini. Adolphe akaitikia. Alipotoka uani, akamkuta mke wake amesimama, mdomo umevimba, bakuli mikononi. Pasta alipita katikati yao kichwa chini akaenda zake.

“Ulisikia?” Adolphe akauliza.

“Nilisikia.”

“Yote ni kweli.”

“Najua ni kweli. Minye nilikuwa pale.”

Adolphe akatazama plasta yake. Alikuwa amefikiri, bila kujiambia, kwamba baada ya maneno yale kitu kitafunguka. Akauliza kama atarudi nyumbani mtoto akitoka hospitali.

“Hapana,” Georgette akasema. “Tutaenda kwa baba, Kambove. Siku mutoto anataka kukuona, utamuona. Na minye nitakuwa pale pale.” Akampa Dodo bakuli, akamshika mkono kwa sababu jicho halikuona vizuri, wakaondoka.

*

Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa na watu nusu. Josée ndiye aliyemletea Georgette habari hospitalini. Alisema Pasta Michée alifungua Biblia, akahubiri kama dakika arobaini, kisha akasimama katikati ya wazo, akaketi. Watu hawakujua kama amemaliza. Walikaa kimya muda mrefu, wengine wakifikiri anaomba, mpaka mama mmoja wa nyuma akaanzisha wimbo kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine la kufanya.

Siku ile ile, saa ya kuwaona wagonjwa, Adolphe alikuja. Fidélie alikuwa amemwita. Mtoto alikuwa ameketi, mgongo juu ya mito miwili, macho bado ya njano, lakini hamu ya kula ilikuwa imerudi. Adolphe hakukaa kitandani; alichuchumaa sakafuni kando yake. Katika mfuko wa shati alikuwa na mayai mawili ya kuchemsha, aliyonunua getini.

Hakuwa na suti. Alichukua yai la kwanza kwa mkono wa kushoto, akaligonga polepole kwenye chuma cha kitanda, akajaribu kulimenya kwa kidole gumba. Ganda lilitoka vipande vipande vidogo. Yai likateleza, akalidaka kwa goti. Akajaribu kulibana kwenye plasta, likapasuka upande mmoja. Jasho lilimtoka usoni.

Fidélie alimtazama mama yake. Georgette alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, mikono yake mizima juu ya magoti. Angeweza kulichukua yai lile na kulimenya kwa muda wa pumzi mbili. Hakulichukua. Hakugeuza uso pia. Alikaa akimtazama mume wake akihangaika na ganda, mpaka alipomaliza na kuliinua lile yai lililokwaruzwa, lenye alama za kucha, akampa mtoto, naye mtoto akalila.